Fundi kachomoa terminali ya betri ndogo ya Nissan Leaf, bado kapigwa shoti. Umeme ulitoka wapi?

#1 Kinyonga77 (Tegeta, Dar es Salaam)

Habari wakuu. Shemeji yangu ana Nissan Leaf ya 2013, ile ya betri ya kWh 24, imetoka mnadani Japani. Wiki hii imegoma kuchaji nyumbani. Ukichomeka, zile taa tatu za bluu juu ya dashibodi zinawaka mara moja kisha kimya. Akaipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, kijana makini, umeme wa magari ya kawaida anaujua sana.

Fundi akafungua boneti, akachomoa terminali hasi ya betri ya volti 12, akasema hapo umeme wote umekufa. Akafungua mfuniko wa lile boksi la juu kabisa atafute fyuzi. Mkono wa kulia umo ndani ya boksi, wa kushoto kaegemea bodi ya gari. Ghafla akarushwa nyuma, akaangukia rundo la matairi. Kidole cha shahada kina alama nyeupe ndogo kama punje ya mchele, na bega linamuuma.

Betri imechomolewa, gari limezimwa. Umeme ulitoka wapi? Na mtu akitaka kufanya kazi chini ya boneti la haya magari afuate utaratibu gani?

#2 Nesi_Temeke

Kabla ya umeme kutoka wapi, huyo kijana yuko wapi? Aende hospitali leo apimwe moyo kwa ECG. Alama ndogo kwenye ngozi haisemi chochote kuhusu njia umeme uliyopita ndani. Mkono mmoja hadi mwingine maana yake umepita kifuani. Mkojo ukibadilika ukawa wa rangi ya chai, ni dharura, misuli imeumia ndani na figo ziko hatarini.

#3 Kinyonga77

@Nesi_Temeke asante dada, nampigia sasa hivi.

#4 DadaSpana (Arusha)

Mleta mada, jibu langu ni kapasita, kile kifaa kinachotunza chaji ya umeme. Leaf ya 2013 chini ya boneti imepangwa ghorofa: mota chini, inverta (inayogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mota) katikati, na boksi la juu ndilo lenye chaja ya ndani pamoja na kile kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa kuchaji betri ndogo. Humo ndani kuna kapasita. Betri kubwa ya Leaf ni volti 360 za kawaida, ikijaa inakaribia 400. Ukilikata umeme gari, kapasita zinabaki na chaji yake mpaka inyonywe. Ndiyo maana mwongozo wa Nissan unasema ukishachomoa sevisi plagi usubiri kama dakika 10 kabla ya kugusa chochote.

Huyo fundi hakusubiri, na sidhani hata kama alichomoa sevisi plagi. Alichomoa?

#5 Kinyonga77

Sevisi plagi ndiyo nini?

#6 DadaSpana

Basi hapo ndipo penyewe. Kaa kiti cha nyuma cha Leaf, angalia sakafuni katikati, miguu inapokaa. Kuna kipande cha zulia kinafunguka. Chini yake kuna mfuniko wa bati wenye bolti, ukiutoa unakutana na plagi yenye mkono wa kuvuta. Unainua mkono ule, plagi inatoka mzima mzima, na betri inakuwa imekatwa katikati. Hiyo plagi unaitia mfukoni mwako mwenyewe. Usiiache juu ya kiti, kuna mtu atapita aione akidhani umesahau, airudishe.

#7 Mkaidi_Original

Mimi fundi wa miaka mingi. Koili ya plagi ya petroli inatoa volti elfu 20, elfu 30, na imenipiga mara nyingi tu nikacheka nikaendelea na kazi. Volti 400 ndiyo ya kumrusha mtu? Huyo kijana kashtuka tu.

#8 MwalimuFizikia (Dodoma)

@Mkaidi_Original hapana mkuu, na hili linaua watu kwa hiyo nalieleza taratibu. Kinachoumiza ni nishati na mkondo unaopita mwilini, volti peke yake haitoshi kukuambia.

Koili ya plagi ina volti nyingi lakini kila cheche inabeba nishati kidogo sana, chini ya jouli moja, tuseme 0.08. Sasa chukua kapasita ya mikrofaradi 1,000 iliyochajiwa hadi volti 400. Nusu ya uwezo mara volti kipeo cha pili: 0.5 × 0.001 × 160,000 = jouli 80. Hiyo ni mara elfu moja ya cheche iliyokuchekesha. Na hapo nazungumzia kapasita tu. Betri yenyewe haina kikomo cha namna hiyo, itakupa mkondo muda wote ukiwa umegusa.

Viwango vya kimataifa vya magari vinahesabu DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) yoyote iliyozidi volti 60 kuwa ya hatari. AC (umeme wa kupishana, kama wa ukutani) ni kuanzia volti 30. Leaf imepita hapo zaidi ya mara sita.

#9 Mkaidi_Original

Mwalimu umeniwekea hesabu mpaka nimekaa chini. Sawa, ya jouli nimeipokea. Lakini bado sikubali kuwa ni kapasita. Kufungua mfuniko ule wenye bolti zote zile ni dakika ngapi? Kapasita ingekuwa imeshakufa.

#10 NairobiVolti

Niaje wadau. Huku Nairobi Leaf ziko nyingi na mimi nimefanyia kazi kadhaa. Namuunga mkono @Mkaidi_Original kwa hilo la muda. Inverta za kisasa zina mzunguko wa kunyonya kapasita gari likizimwa vizuri, inashuka haraka. Zile dakika 10 ni za usalama, endapo huo mzunguko umeharibika.

Swali langu ni tofauti: gari lilikuwa limezimwa kweli? Leaf haina mngurumo. Ikiwa READY (imewashwa, tayari kwenda) imetulia tu pale, mtu anaweza kuapa imezimika. Na sasa sikiliza vizuri: gari likiwa READY, ile stima ya volti 12 haitegemei betri ndogo pekee, betri kubwa inailisha kupitia kile kigeuzi alichosema DadaSpana. Ukichomoa terminali wakati huo, gari haliwezi kujua! Volti 12 bado zipo, kontakta (swichi kubwa) za betri kubwa zinabaki zimeshika, na nyaya za rangi ya machungwa ziko na moto kama kawaida.

Ndiyo maana mpangilio ni lazima: zima kwanza, angalia alama ya READY imetoka, peleka ufunguo mbali, ndipo uguse betri ndogo. Ukianza na betri ndogo hujafanya kitu.

#11 Kinyonga77

@NairobiVolti nimemuuliza shemeji. Anasema alizima. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, naye alisimama pale pale mbele ya boneti.

#12 NairobiVolti

Hapo sasa. Mimi ufunguo naupeleka ofisini ndani ya droo, mita nyingi kutoka kwa gari. Mtu akiingia kukaa kwa kiti akibonyeza kitufe, liwe halina ufunguo wa kusikia.

#13 Chuma cha Pua

Nyote mmepita mbali. Kontakta zimeng'ang'ania. Leaf ya 2013 ina umri, zile kontakta ndani ya betri zikipiga cheche mara nyingi zinaungana zenyewe kama zimechomelewa. Hapo hata uchomoe betri ndogo mwaka mzima umeme bado unatoka. Nimeona hii kwenye forklifti za umeme bandarini.

#14 DadaSpana

@Chuma cha Pua inawezekana ila kumbuka ziko mbili, moja upande wa chanya na nyingine upande wa hasi. Ikishikana moja tu, mzunguko haujakamilika. Zote mbili kushikana kwa pamoja ni nadra, na kompyuta ya gari inazikagua kila unapowasha. Skana ya kusoma kompyuta ya gari ingeonyesha kodi ya hitilafu.

#15 Chuma cha Pua

Nadra si kamwe, dada yangu. Na skana hakuna aliyeiweka, mleta mada hajataja skana popote.

#16 FundiWaNyumba (Mbagala)

Naingia kwa mlango mwingine. Gari liligoma kuchaji. Je, waya wa chaji ulikuwa bado umechomekwa kwenye gari wakati fundi anafungua?

#17 Kinyonga77

Ndiyo, ulikuwa umechomekwa. Gereji wana soketi ya nje, walikuwa wanajaribu kuchaji pale wakaona inagoma vile vile. Lakini swichi ya ukutani ilizimwa.

#18 FundiWaNyumba

Jibu tayari hilo. Swichi ya soketi zetu inakata waya mmoja tu. Aliyefunga soketi ile akigeuza waya, ukizima unakata nyutro (waya wa kurudi), laini ya volti 230 inabaki inaenda kwenye gari. Soketi za namna hiyo nazikuta kila siku. Na gereji nyingi ethi hakuna kabisa, mtu kapitisha waya mbili kutoka nyumba ya jirani kwa kuunga unga. Kijana kagusa laini ya ukutani kwa mkono mmoja, mwingine kwenye bodi, miguu chini. Kwisha.

#19 MwalimuFizikia

@FundiWaNyumba kuhusu soketi uko sahihi, ila kuna kitu katikati. Waya wa chaji wa Leaf una lile boksi lake, na ndani ya boksi kuna rilei, swichi inayojifunga kwa umeme. Boksi lisipopata umeme kamili, rilei imefunguka, laini haivuki kwenda kwenye gari. Kwa waya halisi uliokuja na gari, nadharia yako inakwama hapo.

#20 FundiWaNyumba

Mwalimu, umesema "waya halisi". Nenda Kariakoo uone zinazouzwa. Kuna mtu aliniletea moja imeungwa moja kwa moja, boksi ni ganda tupu. Mleta mada atuambie ni waya gani.

Na hata kama rilei inafanya kazi, chaja za namna hii huwa na kapasita ndogo zinazounganisha laini na bodi ili kuchuja kelele. Ukichaji bila ethi, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme kidogo. Ukigusa mlango peku unahisi kuwashwa vidoleni.

#21 MwalimuFizikia

Kuwashwa vidoleni nakubali kabisa. Kurushwa mpaka kwenye matairi, huo mkondo ni mdogo mno. Labda kama alishtuka, misuli ikamruka yenyewe. Hata hivyo sisitizo lako libaki: kabla hujafungua boneti, chomoa waya wa chaji kwenye gari. Swichi ya ukutani usiihesabu. Na Leaf ina taima ya kuchaji na ya kiyoyozi. Waya ukiwa umechomekwa, gari linaweza kuamka lenyewe saa iliyopangwa.

#22 NairobiVolti

Mwalimu umenipa nguvu. Gari likiwa katika kuchaji, kontakta pia hushika. Kama walikuwa wanajaribu kuchaji sekunde chache kabla, inarudi kwa hoja yangu.

#23 DadaSpana

Ila iligoma kuchaji. Ndiyo tatizo lililompeleka gereji.

#24 NairobiVolti

Iligoma baada ya taa kuwaka mara moja. Hiyo mara moja ndiyo mimi naitafuta.

#25 Barafu_Mwenge

Mimi fundi wa viyoyozi vya magari. Mleta mada, gari hilo limejazwa gesi ya AC (kiyoyozi) karibuni?

#26 Kinyonga77

Umejuaje? Mwezi uliopita. Halikuwa linapoza.

#27 Barafu_Mwenge

Nilijua tu. Kompresa ya magari haya haizungushwi na mkanda, ina mota ya umeme ndani inayokula umeme wa betri kubwa, na mota hiyo inaogelea kwenye oili ya kompresa. Oili lazima isipitishe umeme. Kwa mfano haibridi (petroli na umeme pamoja) za Toyota zinatumia oili ya aina ya POE, kwenye kopo imeandikwa ND-OIL 11. Mafundi wengi wanasukumia PAG ile ya magari ya mkanda, maana ndiyo iliyopo kwenye mashine. Hata mabaki yaliyobaki kwenye mipira ya geji yanatosha kuharibu. PAG ikichanganyika humo insulesheni (uwezo wa kuzuia umeme usivuje) inashuka, umeme wa betri kubwa unavujia kwenye bodi ya gari. Mifumo hii imetengenezwa makusudi isiguse bodi hata kidogo. Ikishavuja upande mmoja kwenye bodi, ukiegemea bodi kwa mkono wa kushoto na kugusa upande wa pili kwa mkono wa kulia, umefunga mzunguko wewe mwenyewe. Soma tena posti #1, ndivyo alivyokaa yule kijana.

#28 MwalimuFizikia

@Barafu_Mwenge hii ni hoja nzito, nimeipenda. Maana kuna swali limenisumbua tangu mwanzo: kwenye gari lisilo na hitilafu, ukigusa upande mmoja tu wa umeme mkubwa na bodi, hakuna kinachopita, kwa sababu mfumo wote umetengwa na bodi. Ama aligusa nondo mbili za umeme, chanya na hasi, kwa mkono mmoja, na vidole vya mtu kwenye boksi lile vinaweza, ama insulesheni imevunjika mahali.

#29 Chuma cha Pua

Na kontakta zikiwa zimefunguka oili itavujisha umeme gani? Unaona bado mnanirudia mimi.

#30 Barafu_Mwenge

Au kapasita za dada. Zote mbili zinakaa na hoja yangu vizuri, mimi nimeeleza tu njia ya umeme.

#31 Mkaidi_Original

Kila mtu anamvutia kijana wa watu upande wake kama mahari. Mimi nataka kujua vitu vya kununua. Magari haya yanakuja, nikiyakataa wateja watahamia kwa jirani. Nianze na nini?

#32 Mswahili_Hamburg

Wakuu, nafanya kazi gereji huku Ujerumani, nimepitia mafunzo ya umeme mkubwa wa magari. Bila cheti hicho huruhusiwi kushika waya wa rangi ya machungwa hata kama umezaliwa gereji. Namjibu @Mkaidi_Original kwa yale tunayofanya kila siku.

Glavu kwanza. Tunatumia daraja la 0, za mpira, kiwango IEC 60903, zinaruhusiwa hadi volti 1,000 AC. Zimegongwa muhuri wenye alama na tarehe. Kila asubuhi naikunja kuanzia mdomoni mpaka vidole vinavimba hewa, naiweka karibu na sikio na shavu. Ukisikia pumzi inatoka, hata kwa tundu la sindano, inakatwa vidole itupwe ili asiichukue mwingine. Juu yake unavaa glavu ya ngozi, kwa sababu ncha ya waya au bati la mfuniko linatoboa mpira bila wewe kujua. Kila miezi 6 zinapelekwa kupimwa upya.

Mita nayo iwe imeandikwa CAT III 1000 V, pamoja na nyaya zake. Zile mita ndogo za njano za bei ya chakula cha mchana zina namba 1000 kwenye duara lakini ndani hazijatengenezwa kwa kazi hii, zinaweza kukulipukia mkononi.

Halafu kuna kitu ambacho sijakiona kwenye maelezo yote ya juu: kijana hakupima. Huku kupima ni mara tatu. Unaipima mita kwenye betri ya volti 12 unayojua ni nzima, inakusomea. Unapima nondo za inverta: chanya kwa hasi, chanya kwa bodi, hasi kwa bodi. Unarudi kwenye betri ya volti 12 kuona mita haijafia njiani. Glavu unazo mikononi muda wote huo. Mpaka mita ionyeshe sifuri, au karibu na sifuri, gari lile kwangu lina umeme, hata kama bosi mwenyewe amelizima.

#33 DadaSpana

@Mswahili_Hamburg umenena. Hii ya kupima mara tatu iandikwe ukutani kila gereji. Naongeza: saa, pete, cheni, funguo shingoni, vyote vitoke. Hata betri ndogo ya volti 12, pete ikigusa chanya na bodi inakuwa nyekundu kidoleni kabla hujapiga kelele.

#34 Jini_Mtulivu

Glavu za mafundi wa laini za umeme zinafaa? Nina jamaa anaweza kunipatia.

#35 Mswahili_Hamburg

Zinazuia, lakini nyingi ni daraja la 2, za volti 17,000. Ni nene mno. Bolti ya milimita 10 ndani ya inverta hutaishika, itakudondokea humo ndani, utavua glavu kuitafuta. Hapo ndipo ajali inapotokea. Na glavu zilizokaa juani nguzoni miaka hazina uhakika tena.

#36 Nesi_Temeke

Naomba niseme la mtu wa pili. Usifanye kazi hii peke yako. Mwenzio akinaswa usimshike kwa mikono, msukume kwa mti mkavu au chochote kisichopitisha umeme, ukate umeme, ndipo umguse. Hapumui, hana mapigo, anza kumbonyeza kifua papo hapo, katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine anapiga simu. Mkibishana kwanza ni kapasita au ni kontakta, mtu ameshaondoka.

#37 Mswahili_Hamburg

Dada yuko sahihi. Sisi tuna ndoano ndefu ya kumvutia mtu, imetundikwa ukutani karibu na gari. Mti mkavu wa mpini wa jembe unafanya kazi ile ile.

#38 Kinyonga77

Mrejesho: kijana kapimwa ECG, daktari kasema mapigo yako sawa, kamweka chini ya uangalizi usiku mmoja. Asanteni sana, hasa @Nesi_Temeke, maana alikuwa hataki kwenda.

Waya wa chaji: nimeuangalia. Si wa awali, shemeji alinunua hapa mjini. Boksi lina taa lakini halina jina la kampuni.

#39 FundiWaNyumba

Haya!

#40 MwalimuFizikia

@FundiWaNyumba taa inaonyesha ndani si ganda tupu. Lifunguliwe tuone rilei, tena likiwa limechomolewa ukutani.

#41 MamaAqua

Jamani mimi natumia Toyota Aqua, mnanitisha. Hii nayo ina umeme huo? Mimi huwa namwaga oili kwa fundi wa kawaida.

#42 DadaSpana

@MamaAqua usiogope, oili ya injini haigusi umeme mkubwa. Lakini ndiyo, Aqua ya kizazi cha kwanza ina betri ya volti 144 chini ya kiti cha nyuma, na inverta inaupandisha hadi volti 520 kwa ajili ya mota. Prius kizazi cha tatu betri ni volti 201.6, inapandishwa hadi 650. Kwa hiyo anayedhani haibridi ni mpole kuliko Leaf asiipime kwa betri peke yake.

Kwa oili, mwambie fundi jambo moja: gari lisiwe READY. Haibridi imekaa kimya, yeye ameweka mkono kwenye mkanda au feni, betri ikishuka injini inajiwasha yenyewe bila kumuuliza mtu. Hilo nalo linajeruhi mafundi. Na akibadilisha bleki pedi, baadhi ya haibridi za Toyota pampu ya breki inaamka ukifungua tu mlango wa dereva. Pistoni inasukumwa nje na vidole vyako viko pale.

#43 MamaAqua

Asante mdogo wangu. Na kuosha injini kwa ile mashine ya maji ya presha?

#44 DadaSpana

Hapana mama. Kitambaa chenye unyevu na brashi laini. Viunganishi vimezibwa, ila presha ya karibu inasukuma maji kupita mipira iliyozeeka, na kosa la insulesheni linaanzia hapo.

#45 Mkaidi_Original

Nimeandika orodha yangu: glavu za daraja la 0 na za ngozi, mita ya CAT III, kibao cha "usiguse", mpini wa jembe. Nimefika duka la vifaa vya usalama, glavu zipo, muhuri wa tarehe upo. Muuzaji hajui zinapopimwa baada ya miezi 6.

#46 Mswahili_Hamburg

Kama huna pa kuzipima, zikifika tarehe nunua nyingine, hizo za zamani zitumie kwa kazi nyingine isiyo ya umeme. Na ukizihifadhi zisikunjwe, zitundike mbali na jua, oili na petroli.

#47 Chuma cha Pua

Na bado mtaweka skana mtaona kontakta zimeshikana.

#48 NairobiVolti

@Chuma cha Pua wewe hata tukipata gari halina betri utasema kontakta.

Kwa mtakaoifungua: kumbukeni sevisi plagi inakata betri katikati tu. Ndani ya betri yenyewe kila nusu bado iko na moto wake, karibu volti 200 kila upande. Huko usiingie bila mtu aliyesomea.

#49 Kinyonga77

Tumekubaliana na shemeji gari lisiguswe mpaka apatikane fundi mwenye skana na mita ya kupima insulesheni. Kuna anayemfahamu Dar?

#50 Barafu_Mwenge

Nakutumia ujumbe pembeni. Akija, mwambie aanze kwa kuchomoa kiunganishi cha kompresa ya AC, apime insulesheni nayo ikiwa imeunganishwa kisha ikiwa imetengwa. Namba zikipanda baada ya kuitenga, dawa ni kompresa mpya na kusafisha mfumo wote. Kumwaga oili na kuweka nyingine hakutoshi.

#51 DadaSpana

Na kabla ya hapo apime volti kwenye lile boksi akiwa na glavu, betri ndogo ikiwa imechomolewa tangu siku ile. Kukiwa na volti 300 na kitu, @Chuma cha Pua tutamkoma. Kukiwa na sifuri, itabaki mimi na NairobiVolti.

#52 KijanaWaRemera (Kigali)

Samahani kuingia na pikipiki kwenye uzi wa magari. Huku Kigali moto (pikipiki) za umeme zimejaa, kampuni ya Ampersand wapo tangu 2019, na kuna vijana mtaani wameanza kufungua betri za pikipiki nyingine nyingine kutengeneza. Betri zimeandikwa volti 72. Hiyo nayo ni ya kuvaa glavu au ni ndogo?

#53 MwalimuFizikia

@KijanaWaRemera si ndogo. Volti 72 ni jina. Seli 20 za lithiamu zikijaa, 4.2 kila moja, ni volti 84, na mstari wa hatari kwa DC ni 60. Mkono mkavu unaweza usihisi kitu leo, mkono wa jasho kesho ukahisi sana. Hatari kubwa zaidi hapo ni shoti ya spana: inayeyuka na seli zinashika moto. Spana zizungushiwe mpira, iliyobaki wazi iwe ncha tu, na wasifungue betri iliyovimba au iliyoingia maji.

#54 KijanaWaRemera

Na ikishika moto, mchanga au maji?

#55 Mswahili_Hamburg

Maji, mengi sana, kutoka mbali, na muda mrefu. Mchanga unafunika miali lakini joto linabaki ndani, seli inayofuata inawaka. Ikizimika iwekeni nje mbali na ukuta, inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Na msisimame upande wa moshi, una sumu.